Kifungo Kimekwisha, Adhabu Haijaisha

Hakimu anapotoa hukumu hutaja idadi ya miaka, na karani huiandika. Siku ya mwisho ya hesabu hiyo lango hufunguliwa, mtu hurudishiwa nguo alizoingia nazo, hutia sahihi kitabuni, na deni lake kwa Serikali huwa limekwisha. Lakini, ndugu msomaji, iko hukumu nyingine isiyoandikwa na karani yeyote, wala haina idadi ya miaka. Hukumu hiyo tunaitoa sisi. Huitoa jirani anayehamisha mbuzi wake usiku, mwenye nyumba anayekumbuka ghafla kwamba chumba kimekwisha kuchukuliwa, na mwajiri anayesema "tutakuita" hali akijua moyoni kwamba hataita. Hukumu hiyo haina rufaa.

Nimelifikiri jambo hili kwa miaka kadhaa. Si kwa sababu ya kazi yangu ya kuandika habari, bali kwa sababu liliingia nyumbani kwetu. Kwetu ni wilayani Ngara, upande wa Bugufi, kwenye vilima vya migomba na kahawa vinavyotazamana na Burundi. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alihukumiwa mwezi Juni 2011 kifungo cha miaka saba kwa wizi wa ng'ombe. Aliiba kweli. Alikiri mwenyewe mahakamani, na wala simtetei hapa. Ng'ombe walikuwa wawili. Mmoja alipatikana akiswagwa kuelekea Biharamulo. Wa pili alikuwa amekwisha kuchinjwa. Mwenye ng'ombe ni jirani yetu wa karibu, ambaye shamba lake na letu limetenganishwa na njia ya miguu tu.

Sheria ya Magereza, Na. 34 ya mwaka 1967, inampa mfungwa mwenye mwenendo mwema msamaha wa theluthi moja ya kifungo chake. Kwa hesabu hiyo miaka saba ikawa miaka minne na miezi minane. Kaka alitoka mwezi Februari 2016 katika gereza lililo mbali na mkoa wetu, akapanda basi, akafika Ngara siku ya pili yake jioni. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu.

MTU AMERUDI, MAHALI PAKE HAPAPO

Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Walisema kweli, ila hawakutuambia kwamba wakati mwingine mtu hurejea ngamani akakuta wengine wamekwisha kupakaa.

Mkewe alikuwa amerudi kwao pamoja na watoto watatu. Hakuna wa kumlaumu, maana mwanamke aliyeachwa na jembe moja na jina la mke wa mwizi ana mzigo mzito kuliko ule wa mfungwa, ambaye angalau chakula chake hupikwa na Serikali. Shamba lilikuwa mikononi mwa mdogo wake, aliyelipalilia na kulitia samadi kwa miaka yote minne. Je, anyang'anywe? Nyumba ilikuwa imebomoka upande mmoja. Mwaka 2015 wananchi walipoandikishwa katika daftari la wapiga kura kwa alama za vidole, yeye alikuwa kifungoni; kwa hiyo alirudi hana kadi ya mpiga kura, ambayo kwa watu wengi ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha pekee. Na katika wilaya ya mpakani kama yetu, mtu asiye na kitambulisho huulizwa kwanza yeye ni raia wa nchi gani, ndipo aulizwe shida yake.

Haifai kuwasema vibaya majirani bila kueleza wametoka wapi. Watu wa Ngara na Biharamulo wana sababu ya kuogopa wizi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24 hivi, wakikimbia mauaji na vita. Wengi mno wa wakimbizi hao walikuwa watu wema waliopatwa na msiba. Lakini pamoja na vita vya nchi jirani zilivuka pia bunduki, na bunduki hazikurudi zote. Katika utoto wangu mabasi yalipita mapori ya Biharamulo kwa msafara, yakisindikizwa na askari wenye silaha. Mtu aliyekulia katika hali hiyo akisikia kwamba mwizi amerudi kijijini, hakumbuki vifungu vya sheria. Hukumbuka usiku ule aliolala kichakani na watoto wake.

Hivyo basi, kaka alipopita njiani watu walimwitikia salamu, ila hawakusimama. Kilabuni alipewa pombe ya ndizi katika kikombe chake peke yake, wakati wengine walikuwa wakinywa kwa mirija kutoka mtungi mmoja. Hakuna aliyemtukana. Mama mkubwa aliniambia jioni moja, "Mwanangu, afadhali wangemtukana, tungejua pa kuanzia."

FUNDI ASIYE NA RANDA

Gerezani kaka alijifunza useremala. Wengi hatujui, lakini magereza yetu ni karakana kubwa. Samani za Gereza la Ukonga na viatu vya Gereza la Karanga, Moshi, vinajulikana. Huko Ruanda, Mbeya, kipo chuo cha ufundi ndani ya gereza lenyewe, na katika mashamba ya magereza watu wengi wamejifunza kilimo cha kitaalamu kuliko kile walichokiacha kwao. Kaka aliingia akijua jembe na panga. Alitoka akijua kupima, kuranda, kutoboa tundu na kuunga ubao kwa ubao bila msumari.

Lakini alitoka na mikono mitupu. Randa aliyojifunzia ilikuwa ya Serikali, na msumeno, patasi na meza ya kazi vilikuwa vya Serikali pia. Wala hakuwa na cheti cha ufundi. Alikuwa na maneno yake tu, na maneno ya mtu aliyetoka jela hayana bei sokoni. Hapa ndipo nilipoona tundu lililo katika jitihada zetu. Taifa linatumia miaka minne kumfundisha mtu kazi, kisha linamwacha langoni kwa kukosa vyombo ambavyo thamani yake haizidi ya mbuzi wachache.

Ukoo ulikaa kikao. Walikuwapo waliosema kwamba familia imekwisha kuaibika vya kutosha, isitiwe na hasara juu. Baba mdogo akawajibu kwa swali moja: "Asipopata cha kufanya kwa mikono yake, mnadhani mikono itakaa bure?" Waliuzwa mbuzi wawili, nami nikaongeza kiasi katika akiba yangu ya likizo. Tukanunua randa moja, msumeno, patasi tatu, nyundo na futi.

Kisha likaja suala la kutafuta kazi, na hapa ukoo uligawanyika tena. Mama mkubwa alishauri kaka aende mbali, Nyakanazi au Kahama, mahali wasipomjua, akae kimya kuhusu yaliyopita. Kaka alikataa. Alisema, "Nikificha, nitakuwa ninaiba tena kila siku, na siku watakapojua, watasema nilikuja kuwaibia." Akaamua kwamba kila atakapoomba kazi atasema mwenyewe alikotoka kabla hajaulizwa. Tulimwona mtu mwenye kiburi. Karakana ya kwanza walimsikiliza kwa adabu, wakamwambia mbao hazijafika. Ya pili walimwambia mwenye mali hayupo. Ya tatu hawakumwambia kitu. Walimtazama tu mpaka akaondoka.

MADAWATI NA NG'OMBE

Wasomaji wanakumbuka kwamba mwaka 2016 ulikuwa mwaka wa madawati. Baada ya ada kuondolewa mashuleni watoto walijaa madarasani, wengi wakakaa sakafuni, na Rais John Magufuli akaagiza upungufu wa madawati umalizwe nchi nzima ifikapo tarehe 30 Juni. Ghafla kila wilaya ilihitaji maseremala, na maseremala hawakutosha. Fundi mmoja wa mjini aliyepata kazi ya kutengeneza madawati ya shule kadhaa, ikiwamo ya kijiji chetu, alikubali kumchukua kaka kwa sharti moja, kwamba kamati ya shule iridhie, kwa kuwa mbao zingelala shuleni.

Katika kamati hiyo alikuwamo jirani yetu, mwenye ng'ombe.

Nilisimuliwa na waliokuwapo. Wajumbe walizunguka maneno kwa muda mrefu, kila mmoja akingoja mwingine aseme. Mwishowe yule mzee akasema, "Mnanitazama mimi. Haya, nitasema. Serikali imemfunga, Serikali imeridhika. Mimi sijaridhika. Ng'ombe wangu aliliwa, na miaka yote aliyokaa huko ndani sikulipwa hata kwato. Lakini wajukuu wangu wanakaa chini. Atengeneze madawati, na katika kila malipo yake sehemu iwe yangu, mpaka nipate mtamba wangu. Iandikwe."

Iliandikwa katika daftari la mwenyekiti wa kitongoji. Kaka alitengeneza madawati kuanzia Mei hadi Agosti, kisha akaendelea na fundi yule katika milango na madirisha. Mtamba alipelekwa kwa jirani mwaka 2017, mbele ya mwenyekiti, balozi wa nyumba kumi na wazee wa pande zote mbili. Siku hiyo uliletwa mtungi mmoja, na mirija iliwekwa yote katika mtungi huo. Hakukuwa na hotuba.

Maneno ya mzee huyu yamenifundisha zaidi ya vitabu vingi. Sisi wa mjini hudhani kwamba jamii inamkataa mfungwa kwa sababu ina roho mbaya. Mara nyingi jamii inamkataa kwa sababu deni lake kwao halijalipwa. Kifungo hulipa deni la Serikali. Aliyeibiwa huambiwa ashukuru kwamba haki imetendeka, naye huenda nyumbani hana ng'ombe. Mahakama inaweza kuamuru fidia, lakini mfungwa asiye na ujira atailipa kwa nini? Kwa hiyo kazi kwa aliyetoka gerezani si chakula chake tu. Ni njia ya pekee ya kumlipa aliyekosewa, na aliyekosewa akilipwa ndipo kijiji hufungua mlango.

Nisiipambe hadithi. Mke wa kaka hakurudi. Mtoto wake mkubwa humsalimu baba yake kama anavyomsalimu mpita njia. Na katika kijiji cha pili alikuwapo kijana aliyetoka kifungoni karibu wakati ule ule, aliyefungwa kwa kuvunja duka. Yeye hakuwa na ukoo wa kuuza mbuzi, wala fundi wa kumpokea, wala mzee wa kusema neno. Alilala kwa huyu na kwa yule, akaonekana mpakani Kabanga akibeba mizigo, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amerudishwa gerezani. Watu walisema, "Tulijua." Mimi nadhani tulichangia.

WENGINE WALIFANYAJE

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwezi Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni mpya za kuwatunza wafungwa, zikapewa jina la Nelson Mandela, aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni hizo zinasema kwamba maisha ya mfungwa baada ya kutoka yafikiriwe tangu siku za mwanzo za kifungo chake, wala si wiki ya mwisho. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1974 inayosema kwamba kwa makosa mengi, mtu akikaa muda fulani bila kurudia uhalifu, hukumu yake huhesabiwa kuwa imezimika, naye halazimiki kuitaja kwa waajiri wengi. Huko Marekani, jimbo la Hawaii lilipitisha mwaka 1998 sheria ya kumzuia mwajiri kuuliza habari za kifungo kabla hajaamua kwanza kama mtu huyo anaiweza kazi.

Jirani zetu wa Uganda wana mfano wa Bibi Susan Kigula. Alihukumiwa kifo mwaka 2002. Kesi aliyoifungua pamoja na wenzake zaidi ya 400 ndiyo iliyofanya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iamue, mwaka 2009, kwamba adhabu ya kifo isiwe ya lazima. Alisoma sheria akiwa ndani ya Gereza la Luzira kwa masomo ya Chuo Kikuu cha London, akatoka huru mwezi Januari 2016. Alitoka na elimu, na akakuta watu waliokuwa tayari kumpokea. Vyote viwili vilihitajiwa.

Hapa kwetu hatuanzi patupu. Tunayo Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994, inayomwezesha mfungwa anayetimiza masharti kumalizia sehemu ya kifungo chake nyumbani chini ya uangalizi. Tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ambayo kwa makosa ya kifungo kisichozidi miaka mitatu humruhusu hakimu kumpa mtu kazi ya manufaa kwa umma badala ya kumfunga, ili asipoteze shamba lake, mke wake na jina lake kwa kosa la kuku wawili. Na kila mara Rais anapotumia madaraka yake ya msamaha, idadi huwa kubwa. Tarehe 9 Desemba 2017 walioguswa na msamaha walikuwa 8,157. Tarehe 26 Aprili 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alitoa msamaha kwa wafungwa 5,001. Baadhi walitoka siku hiyo hiyo, na wengine walipunguziwa muda. Magazeti huandika idadi hizo kwa herufi kubwa. Asubuhi ya pili yake hakuna anayeandika walilala wapi.

KAZI ILIYO MIKONONI MWETU

Ndugu mfanyakazi unayesoma ukurasa huu Jumapili ukiwa na watoto wako, huenda unajiuliza jambo hili linakuhusu nini. Linakuhusu kwa sababu aliyetoka gerezani hatafuti kazi kwa Waziri. Anatafuta kwako. Ni wewe msimamizi wa zamu unayeulizwa kama unamjua mtu wa kubeba mizigo. Ni wewe fundi mwashi unayehitaji saidia fundi, mwenye gereji unayehitaji kijana wa kuosha vipuri, au mama lishe unayehitaji mtu wa kuchota maji.

Sikwambii umkabidhi ufunguo wa sanduku la fedha siku ya kwanza. Hata kaka hakukabidhiwa. Mbao zilihesabiwa jioni na asubuhi kwa miezi miwili, naye hakununa. Ninachosema ni kwamba mjaribu kwa kazi anayoiweza, umlipe ujira ule ule unaowalipa wengine, na usimpunje kwa kuwa unajua hana pa kwenda. Kumpunja mtu wa namna hiyo ni wizi uliovaa kanzu.

Na zipo shughuli za wakubwa. Mfungwa anayehitimu ufundi apimwe na VETA kama fundi mwingine yeyote, apewe cheti kinachotaja ufundi wake bila kutaja mahali alipojifunzia. Vyombo vya kazi vihesabiwe kuwa sehemu ya mafunzo, apewe langoni hata kwa mkopo. Barua ya kumtambulisha kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa imtangulie, ili asianze uhuru wake kwa kuulizwa uraia. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo hupitia vikundi, na kikundi kitamkubali vipi mtu ambaye hata mtungi hawashiriki naye? Pasipokuwa na mtu wa ustawi wa jamii au mzee wa mahali hapo wa kumshika mkono, fedha hizo atazisikia redioni tu.

Lakini hata mambo haya yote yakitimizwa, litabaki lile ambalo sheria haiwezi kuliamuru. Kijiji chetu hakikumsahau kaka kosa lake. Wanalikumbuka mpaka leo, na yeye anajua kwamba wanalikumbuka. Ila wamelipa kosa hilo mahali pake, nalo halisimami tena mlangoni kila anapotaka kuingia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtu akivunjika, naye si mwisho wa utu wake, iwapo wenzake watamwachia moto na kipande cha chuma.

Tarehe 26 Aprili na tarehe 9 Desemba huja kila mwaka, na pengine milango mingine itafunguliwa. Watatoka watu wenye mifuko ya plastiki mikononi, wakiuliza njia ya kituo cha mabasi. Kila mmoja wao anaelekea katika kitongoji au mtaa fulani, kwa watu fulani. Inawezekana kabisa kwamba mtaa huo ni wako, ndugu msomaji. Basi ukisikia amefika, nenda kamsalimu. Na ukiisha kumsalimu, simama kidogo, umwulize anajua kazi gani.